Chafya ni "cha afya" au ni "uchafu"? Maswali yenu toka Kusini

Shikamooni wakubwa, mambo vipi vijana. Toleo lililopita tuliongelea mafua ya msimu wa upepo nikadhani tumemaliza, kumbe ndo nimefungulia bomba, meseji zimeingia mpaka simu ikawa ya moto na karibu zote zinazungumzia neno moja tu, chafya. Wengine wanauliza maana, wengine wanauliza adabu, wengine wanagombana kabisa na kuna mmoja kawekeana dau na shemeji yake, basi tuanze na huyo mwenye dau tusije tukavunja undugu wa watu.

Msomaji wa Mtanda, Lindi: "Habari za kazi mhariri. Kijiweni kwetu kuna ubishi umefika pabaya. Mimi nasema chafya ni kifupi cha 'cha afya', yaani kitu cha afya, maana mtu akipiga chafya anatoa mabaya yote puani anabaki mzima na ndo mana wengine wanamwambia 'afya!'. Shemeji yangu anasema hapana, limetoka kwenye uchafu, chafu, chafua, chafya, kwasababu linamwaga makamasi. Tumewekeana soda kreti moja. Nani kashinda?"

Hajashinda mtu kaka, nunueni soda kila mtu alipe yake. Ila nawapongeza maana mmelichukua neno moja mmoja kalipeleka hospitali mwingine kalipeleka jalalani, na wote mna hoja inayosikika vizuri kijiweni, tatizo lugha haiendi kwa kusikika vizuri.

Tuanze na wewe wa "cha afya". Neno afya lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, Waarabu wanasema aafiya, sisi tukalikata likawa afya. Sasa hiko "cha" chako ni cha nini? Kwenye Kiswahili "cha" kinafuata kitu cha ngeli ya ki-vi, kitabu cha mtoto, chakula cha mchana, kwahiyo kama chafya ingekuwa kitu cha afya tungetegemea watu waseme chafya kimenijia, chafya hiki kikali. Nani anasema hivo? Kila mtu kuanzia Kilwa mpaka Newala anasema chafya imenijia, chafya hii kali, na zikiwa nyingi anasema chafya zimenishika, sio vyafya. Mtoto wa miaka minne asiyejua ngeli ni nini hakosei hapo. Neno lenyewe linakwambia halina "cha" ndani yake, ile cha ni sehemu ya jina tu kama ilivyo kwenye chapa au chati.

Alafu shemeji. Chafu na chafua ni ndugu kweli, hapo hamna ubishi, ukichafua shati linachafuka linakuwa chafu na wewe uliyelivaa ni mchafu. Lakini angalia familia hiyo yote inavyotembea, ina ile u, chafu, chafua, chafuka, uchafu, machafuko. Chafya haina hiyo u, haina kitenzi chake na haigeuki. Huwezi kuchukua neno ukasema limezaliwa kwenye ukoo fulani kwasababu tu yanafanana sura ya mbele, kwa mtindo huo na chafi yule samaki tutasema ni mchafu, na wavuvi wa Shangani watatucheka mpaka jioni.

Kwahiyo limetoka wapi? Kwanza sio Kiarabu, weka hilo pembeni, Waarabu kupiga chafya wanasema atasa na hamna namna atasa ikageuka chafya. Halina dalili ya ugeni hata kwenye matamshi maana ile fya ni silabi ya nyumbani kabisa, tunafyeka majani, tunafyonza embe, tunafyatua tofali, mama mkwe akikasirika anafyonya. Mimi naegemea upande wa wanaosema neno hili ni mlio. Yaani mtu anavyovuta pumzi mdomo wazi unapata "cha", alafu inavyotoka kwa kishindo kupitia meno na pua unapata "fya". Jaribu mwenyewe hapo ulipo, vuta, achia. Kiswahili kinapenda sana mchezo huo, kwikwi ni mlio wa kwikwi yenyewe na pikipiki imepewa jina na injini yake. Na wala sio sisi tu, Warusi kitenzi chao ni chikhat, Wahindi wana chhink, Waturuki wanasema hapşırmak, lugha za watu wanaokaa mbali na sisi lakini zote utaikuta ch au sh imejibanza humo ndani kwasababu pua ya Mrusi na pua ya Mmakonde zinalia karibu sawasawa.

Na kosa moja la kuandika ambalo nimelikuta kwenye meseji zenu nyingi, watu wanaandika "chafia". Ni chafya, silabi mbili tu, cha na fya, na mkazo unakaa kwenye cha. Ukiandika chafia umeongeza silabi ya tatu na mkazo umehama.

Dada wa Mikindani: "Bibi yangu ana umri mkubwa sana na akishikwa na chafya anasema 'nimekwenda chafya'. Wajukuu tunacheka tunamwambia bibi umekwenda wapi. Je anakosea au ndo Kiswahili cha zamani?"

Acheni kumcheka bibi, yeye ndo mwenye Kiswahili hapo nyumbani. Kwenda chafya ni matumizi ya zamani ya pwani na kamusi za zamani zinayo bila wasiwasi. Watu wa pwani walikuwa na mambo mengi ya mwili ambayo "yanakwendwa", kwenda chafya, kwenda miayo, na moja ambalo mpaka leo hakuna anayelicheka, kwenda haja. Ukimsikia bibi wa Mikindani au mzee wa Kilwa Kivinje anaongea hivo ujue unasikiliza Kiswahili cha mwambao huu wetu, watu wa lugha wanakiita Kimgao, na kinazidi kumezwa na Kiswahili cha redio na shule.

Sisi wa siku hizi tumehamia kwenye kupiga. Na kupiga kwetu jamani limekuwa neno la kazi zote, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga miayo, tunapiga hodi, na wala hakuna anayepigwa. Ukiliangalia vizuri utaona mara nyingi kupiga linakaa kwenye kitu chenye kishindo au kinachofanyika kwa mara moja na kuisha, kelele, mluzi, chafya. Kikohozi hatusemi tumepiga kikohozi, tunakohoa tu, kwasababu kina kitenzi chake cha kukaa nacho. Chafya haina, ndo mana lazima iazime, zamani iliazima kwenda na leo inaazima kupiga. Mtu akishikwa mfululizo unasema kashikwa na chafya. Pilipili ikikuingia unasema imenipigisha chafya. Na ile ambayo inakuja inakuja, umeshafumba macho, umeshafungua mdomo, watu wamekaa mkao wa kukusubiri alafu inayeyuka, mtaani kwetu tunasema chafya imegoma. Sijui kama kuna fedheha ndogo kuliko hiyo.

Mwalimu mstaafu, Masasi: "Binti yangu ameolewa Mombasa. Nilipokwenda kumsalimia nilimsikia mkwe wangu akimwambia mtoto 'usichemue mbele ya chakula'. Nilidhani anasema usichemshe. Baadaye nikaambiwa kuchemua ni kupiga chafya. Mbona sisi huku hatulijui neno hili, ni Kiswahili kweli?"

Shikamoo mwalimu. Ni Kiswahili, tena naweza kusema ni Kiswahili chenye nasaba ndefu kuliko chafya yetu, na swali lako ndo limenifurahisha kuliko yote toleo hili kwahiyo nivumilie nikirefusha.

Kuchemua lipo kwenye kamusi zetu, maana yake kupiga chafya, tofauti tu ni kwamba upande wa Kenya bado wanalitumia na kulifundisha shuleni na sisi Tanzania tumeliachia likalala. Halina undugu na kuchemka wala kuchemsha, zinafanana tu mlango wa mbele. Pia usilichanganye na kucheua, ambako ni kile anachofanya ng'ombe kurudisha majani mdomoni na mtoto mchanga kurudisha maziwa.

Sasa sikiliza majirani. Mnyarwanda anasema kwitsamura. Mganda anasema kwasimula. Mkikuyu anasema gũathimũra. Mnyanja wa Malawi, ambaye hata hayuko mbali na sisi, anasema kuyetsemula. Shuka mpaka Afrika Kusini, Mzulu anasema ukuthimula, Mxhosa anasema ukuthimla. Unaona? Kila mmoja ana -mula, -mura au -mla mwishoni na kabla yake kuna sauti ya ts, th au s. Hao watu hawakukutana wakakubaliana, hilo ni neno moja la mababu lililosafiri na Wabantu kila walikokwenda, wataalamu wanaolinganisha lugha hizi wanalirudisha mpaka kwenye mzizi wa kale wenye sura kama tiamula. Kiswahili chenyewe kina tabia ya kumeza l ikikaa katikati ya irabu, Mlingala anasema kofungola sisi tunasema kufungua, Myao hapo Tunduru na Masasi anasema kuulaga sisi tunasema kuua tu, tumemeza mpaka na ga yake. Kwahiyo chukua chemula, meza l, umebaki na chemua. Mkwe wako alikuwa anaongea neno la mababu zake na zako mwalimu, na wewe ukadhani anaongelea chai.

Kazi kwa wasomaji, mkirudi kijijini wasikilizeni wazee wenu wa Kimakonde, Kimwera, Kimakua na Kiyao wanasemaje wakishikwa na chafya, mkilisikia hilo -mula mwishoni niandikieni.

Kwahiyo tulivo saizi ni kwamba lugha ina maneno mawili, moja la ukoo na moja la mlio, na la mlio ndo limeshinda kwa upande wetu. Mimi binafsi nachemua sitolitumia, nikisema hivo sokoni Mtwara mtu atanisogezea sufuria, lakini kwenye kuandika ni neno zuri, fupi, halihitaji kupiga wala kwenda, na ningependa kuliona limeamka.

Kijana aliyehamia Kilwa Masoko kutoka Mbeya: "Mhariri mambo. Huku ofisini nikipiga chafya watu wananyamaza wananiangalia kama wanasubiri kitu. Mimi nasema samahani, naona hawaridhiki. Natakiwa kusema nini?"

Poa sana, karibu pwani. Wanasubiri useme Alhamdulillah mdogo wangu, sio kwa ubaya, wamezoea tu. Kwa Waislamu, na huku kwetu ndo wengi, aliyepiga chafya anamshukuru Mungu, Alhamdulillah, aliyesikia anamjibu Yarhamukallah yaani Mungu akurehemu, na akiwa mwanamke anaambiwa Yarhamukillah, alafu mwenye chafya anarudisha Yahdikumullah wayuslih baalakum, Mungu awaongoze na atengeneze hali zenu. Yote hiyo ni mafundisho ya Mtume, na mafundisho hayohayo yanasema chafya inapendwa na muayo haupendwi, na kwamba mtu azibe uso kwa mkono au kwa nguo na apunguze sauti. Kuna na lile ambalo wazee hulitania, kwamba ukifika ya tatu au kuipita haujibiwi tena dua ile, unaambiwa wewe una mafua. Kaa na wazee baraza la msikiti utaliona linatendeka, ya kwanza dua, ya pili dua, ya nne mzee anakuuliza kama umekunywa tangawizi.

Wewe kama sio Muislamu hakuna atakayekulazimisha, sema samahani yako, na mwenzio akipiga mwambie pole au afya inatosha. Kwa watoto wadogo kuna nyumba huku bibi anasema "kua mwanangu", kila chafya mtoto anaombewa urefu, nadhani ndo dua tamu kuliko zote.

Ila kitu kimoja tu, usipige chafya mkono wazi alafu ukaunyoosha kusalimia. Tangu mwaka 2020 na ile korona kila mtu alifundishwa kiwiko, kunja mkono pigia humo ndani. Watu wengi kabla ya hapo walikuwa hawajui hata kiwiko ni wapi, leo mtoto wa chekechea anakuonesha.

Mama mkulima, Tandahimba: "Mume wangu kila msimu wa kupulizia mikorosho anarudi nyumbani anapiga chafya usiku kucha, macho mekundu, na sisi ndani tunaanza. Anasema ni mafua ya baridi. Mimi nasema ni salfa. Tusaidie."

Mama, wewe ndo umeshinda na huyu baba aache ubishi. Salfa ni unga mwepesi sana, tunaupulizia kuzuia ubwiriunga, yule ukungu mweupe unaokausha maua ya korosho, na ukiingia puani na machoni unawasha na kuchoma. Pua ikiguswa na kitu cha namna hiyo inapeleka taarifa kwenye ubongo na ubongo unaamrisha kifua, koo, macho na pua vifanye kazi kwa pamoja kukitoa, ndo chafya hiyo. Mafua yanakuja na homa kidogo, mwili kuchoka, koo kuuma, na yanaisha ndani ya wiki au kidogo zaidi. Hii yake inakuja siku za bomba tu na siku ambayo hajapulizia analala vizuri, si ndio? Basi hilo ndo jibu.

Na kinachowaponza nyie wa ndani ni nguo. Baba anatoka shambani na shati limejaa unga wa njano, anaingia sebuleni, anambeba mtoto, anakaa kwenye kochi, analala na nywele vilevile. Avue nje kabisa, kabla ya kuvuka kizingiti, zile nguo ziwe na ndoo yake peke yake na zisifuliwe na za watoto, aoge kichwa mpaka miguu ndo aingie. Shambani avae barakoa inayobana vizuri sio kitambaa cha kufunga tu, na miwani, na mikono mirefu. Apulizie alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani, hapo unga unashika kwenye mkorosho badala ya kumrudia yeye, na asimame upepo unakotoka. Najua Tandahimba na Newala upepo ukishaamka hauna adabu, ndo mana nasema alfajiri. Akianza kubanwa kifua au kupumua kwa mluzi hiyo sio ya kusubiri, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba anapulizia salfa, asiende akasema ana mafua akapewa vidonge vya mafua.

Dereva bodaboda, Chikongola, Mtwara: "Mimi kila nikitoka ndani kwenye giza nikakutana na jua nje napiga chafya mbili au tatu. Sina mafua. Abiria wananikimbia. Ni ugonjwa?"

Sio ugonjwa. Hiyo ni chafya ya mwanga na hauko peke yako, inakadiriwa watu kati ya 18 na 35 katika kila 100 wanayo. Inarithiwa, mzazi mmoja akiwa nayo mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, kwahiyo angalia baba au mama, huenda mmoja wao anakwepa jua. Aristotle wa Ugiriki alishajiuliza jambo hilo zaidi ya miaka 2000 iliyopita, yeye alidhani ni joto la jua linalochezea pua, alafu karne ya 17 Francis Bacon wa Uingereza akajaribu kusimama juani macho yamefumbwa, chafya ikagoma, akajua joto sio kisa. Wanaodhaniwa kuhusika ni mishipa ya fahamu ya jicho na ya uso kupitishana taarifa, mwanga unaingia jichoni pua inadhani imeguswa yenyewe. Kwako wewe hatari ni moja, unapopiga chafya macho yanafumba, na kwenye pikipiki sekunde moja ni mita nyingi. Vaa kofia yenye kioo cheusi au miwani ya jua kabla ya kuwasha, na subiri hizo mbili tatu zitoke ndo upakie abiria.

Maswali mafupi mafupi

*Ni kweli ukipiga chafya kuna mtu anakutaja?* (Wengi sana mmeuliza, na naona wengi mnataka niseme ndio.) Ni imani, na wala sio yetu peke yetu, Wajapani nao wanayo hiyohiyo. Sisi tunayo na nyingine ya kupaliwa na maji, ukipaliwa unasengenywa, na nadhani mtu akipaliwa akapiga chafya hapohapo basi ni kikao kamili. Wagiriki wa kale waliichukulia kama ishara ya miungu, mwaka 401 kabla ya Kristo Xenophon alikuwa anawahutubia askari wenzake waliokwama Uajemi, askari mmoja akapiga chafya na wote wakainama kusujudu wakiamini ni baraka. Leo ukipiga chafya kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, watu wanasogeza viti.

*Moyo unasimama?* Hausimami. Mapigo yanaweza kubadilika kidogo kwa presha ya kifua, basi. Na macho hayachomoki.

*Inakimbia kilomita 160 kwa saa?* Hiyo namba imezunguka sana. Watafiti wa Singapore walipopima kwa kamera mwaka 2013 walipata mita kama 4.5 kwa sekunde, yaani kilomita 16 hivi kwa saa, baiskeli inaipita. Ila usidharau maana lile wingu la matone madogo linaweza kusafiri mpaka mita 7 au 8, hiyo ni kutoka mlango wa daladala mpaka siti ya nyuma kabisa na chenji inabaki.

*Nikiibana kanisani je?* Usiibane kwa kufunga mdomo na pua kwa pamoja. Mwaka 2018 iliripotiwa habari ya mwanaume wa miaka 34 huko Leicester, Uingereza, alifanya hivohivo koo likapasuka kwa ndani, akalazwa na kulishwa kwa mpira. Toka nje, au pigia kwenye kiwiko, Mungu ndo kaumba pua na hatoshangaa.

*Chafya ndefu kuliko zote?* Binti wa Uingereza mwenye miaka 12 alianza tarehe 13 Januari 1981 na siku yake ya kwanza bila chafya ilikuwa tarehe 16 Septemba 1983. Pole yake.

Msomaji wa Liwale: "Kuna jamaa anafanya kazi hifadhini aliniambia mbwa mwitu wanapiga kura kwa chafya. Nikamwambia anywe maji apumzike. Anadanganya?"

Mwombe radhi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kwenye Selous mwaka 2019 na ambayo inaingia mpaka huko kwenu Liwale, ipo kwenye eneo lenye moja ya makundi makubwa ya mbwa mwitu waliobaki Afrika, kwahiyo jamaa anaishi nao. Ila utafiti wenyewe ulifanyika Botswana ukatoka mwaka 2017. Mbwa mwitu kabla ya kwenda kuwinda wanaamka wanakusanyika wanachezeana na kurukiana, kama kikao hivi, na mara nyingine kikao kinavunjika wanalala tena. Watafiti wakagundua kwamba kadri chafya zinavyokuwa nyingi kwenye kikao ndo kadri kundi linavyoondoka kweli. Na uzito wa kura haufanani, akianzisha mkubwa wa kundi chafya kama 3 zinatosha, akianzisha mnyonge zinahitajika kama 10. Chafya yao yenyewe ni ya kutoa pumzi puani kwa nguvu, fya, haina hata cha.

Mama wa mtoto mmoja, Nachingwea: "Mwanangu anasema 'mama nimechafya'. Nimsahihishe?"

Sanifu ni nimepiga chafya, mwambie taratibu akiwa anaanza shule. Ila mtoto hajakosea kwa ujinga, ameona kuna kukohoa, kuna kukoroma, kuna kulia, akajiuliza kwanini hii moja tu ndo iazime kupiga, akaamua kuitengenezea kitenzi chake mwenyewe. Akikua mfundishe kuchemua, atafurahi kuona kumbe kilikuwepo.